Kusomea Upasuaji kwa Masafa Huku Uko Kazini Unguja au Pemba: Mwongozo Kamili kwa Daktari

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, thieta zetu huwa za kwanza kujua. Kijana kapanda mkarafuu alfajiri, tawi limemkatikia, analetwa nyuma ya pikapu paja limevunjika au miguu haisikii. Usiku mmoja wa msimu kama huo nilitoka kumhudumia mchumaji aliyeanguka, nikafika nyumbani saa tano, nikafungua kompyuta na kuingia kwenye mjadala wa darasa langu la masafa. Mada ya wiki ilikuwa majeruhi wa uti wa mgongo. Mwalimu aliuliza: saa ya kwanza utafanya nini, na kwa mpangilio gani? Nilikuwa nimetoka kuyafanya hayo kwa mikono yangu, na nilipoyaandika niliona mambo mawili ambayo sikuyafanya kwa mpangilio wake. Kesho yake asubuhi nilirudi wodini nikampima mgonjwa upya, hatua kwa hatua.

Faida ya masomo haya ndiyo hiyo. Yanakunoa jicho na akili ukiwa palepale ulipo na mgonjwa wako. Mkono hayakunoi, na hilo nitalirudia mara nyingi, kwa sababu ndilo linalowapoteza madaktari wenzangu fedha na miaka.

Nawaandikia madaktari waliomaliza shahada ya kwanza na intani, wako kazini Mnazi Mmoja, Lumumba, Abdulla Mzee, Chake Chake, Wete au hospitali ya wilaya, wanataka kusonga mbele katika upasuaji lakini hawawezi kuondoka miaka mitatu au zaidi kwenda Muhimbili au KCMC ya Moshi. Wengine wana wazazi wa kuuguza, wengine wana watoto wadogo, na wengine wakiondoka kituo kinabaki na daktari mmoja.

Jua kwanza unacholipia

Shahada za masafa za upasuaji ziko za ngazi mbili. Ya chini ni MSc ya sayansi za upasuaji, kwa daktari anayeanza. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha ya kwake mwaka 2007 kwa kushirikiana na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Edinburgh. Inachukua miaka 3 ukiwa kazini, yote mtandaoni, na mada zake zinakwenda sambamba na mtihani wa MRCS, yaani wa uanachama wa vyuo vya kifalme vya upasuaji. Ngazi ya juu ni ChM, yaani shahada ya umahiri ya upasuaji, ya miaka 2, kwa aliyeukaribia ubingwa. Hii imegawika kwa fani: upasuaji wa jumla, mifupa na majeruhi, njia ya mkojo, mishipa ya damu, macho. Usiikimbilie ChM kwa ukubwa wa jina lake. Mijadala yake inamtaka mtu ambaye ameshapasua matumbo mengi na ameshaona nini huharibika siku ya tano baada ya operesheni. Ukiingia mapema utakuwa unasimulia uliyoyasoma, na wenzako watajua.

Sasa lililo zito: MSc wala ChM haikufanyi bingwa. Njia ya ubingwa kwetu ni MMed (shahada ya umahiri ya tiba) ya chuo kikuu, au mafunzo ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. COSECSA hakina majengo ya kufundishia. Mwanafunzi anakaa katika hospitali iliyotambuliwa, chini ya bingwa aliyekubaliwa kufundisha, miaka 2 hadi uanachama (MCS), kisha miaka 3 zaidi hadi ushirika (FCS) wa upasuaji wa jumla. Nao wana masomo ya mtandaoni waliyoyajenga pamoja na chuo cha kifalme cha upasuaji cha Ireland. Kwa maoni yangu, daktari wa Zanzibar anayeweza kupata nafasi ya COSECSA aichukue hiyo kwanza, na shahada ya masafa aifanye msaada wake. Asiyeipata bado aanze na MSc, maana siku nafasi ikifunguka atakuwa mbele ya foleni.

Tafuta mwalimu wa mkono kabla ya kutafuta chuo

Hatua hii wengi huiruka. Wanajaza fomu, wanalipa ada, kisha ndiyo wanageuka kutafuta bingwa wa kuwatia saini. Anza na bingwa.

Mimi nilimfuata bingwa wetu baada ya raundi ya asubuhi. Nikamwamkia, nikamwambia: "Dokta, nataka kusoma upasuaji kwa masafa. Sikuombi barua tu. Nakuomba siku moja kwa wiki niwe mkono wako wa pili." Akanitazama kidogo, akasema: "Njoo Jumanne. Lakini uje na mgonjwa umeshamsoma." Jumanne ile nilikwenda na karatasi: historia ya mgonjwa, vipimo, sababu ya kumpasua, njia ya kuingilia na hatari tatu ninazoziogopa. Tangu hapo hatukuacha.

Mkikubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha. Tajeni operesheni mnazokusudia kwa mwaka wa kwanza, na ziwe za hapa petu: ngiri, busha, kidole tumbo, kusafisha kidonda cha mvunjiko uliotokeza mfupa, kupandikiza ngozi kwa aliyeungua, kutoboa kibofu kwa mzee ambaye mkojo umeziba. Kwa kila moja wekeni ngazi nne: unasaidia, unafanya naye amevaa glavu mbele yako, unafanya naye yuko chumbani bila kuvaa, unafanya mwenyewe naye yuko karibu akiitwa. Bingwa ndiye anayekupandisha ngazi. Usijipandishe.

Nunua daftari gumu liwe logibuku yako hata kama chuo kina la mtandaoni. Andika tarehe, namba ya faili (jina la mgonjwa usiliandike kabisa), operesheni, ngazi yako, kilichokwenda vibaya, na saini. Saini ichukue kila wiki. Nimemwona mwenzetu akimfukuzia bingwa saini za miezi minane, na bingwa mwenyewe ameshahamishwa.

Zanzibar tuna bahati ya wageni wanaokuja kufanya kazi nasi. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikija tangu mwaka 1964, na Mnazi Mmoja kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania. Jifunze kwao, omba kusimama nao. Ila mwalimu wako mkuu awe mkaazi, kwa sababu mgeni huondoka na wewe bado una mwaka mzima mbele.

Na usiwasahau wauguzi wa thieta na watu wa usingizi. Muuguzi aliyekaa thieta miaka ishirini anajua mikono ya kila daktari aliyepita pale. Muulize ameona nini katika mkono wako, kisha nyamaza usikilize.

Ruhusa, vyeti na fedha

Omba ruhusa kwa maandishi hata kama husafiri, kwa sababu utahitaji kubadilishiwa zamu wiki za mitihani. Katika barua yangu niliweka hesabu moja. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2015 ilipendekeza angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Kwa kipimo hicho tunahitaji wataalamu kama 378. Niliwaomba wakuu wahesabu wenyewe tulionao. Barua haikurudi na maswali.

Vyeti vya kukusanya ni vya kawaida: shahada na transkripti yake, cheti cha intani, leseni hai ya udaktari, pasipoti, barua mbili za wadhamini, na ushahidi wa Kiingereza ikiwa chuo kinadai. Anza na transkripti, ndiyo huchelewa. Hakikisha majina yako yanafanana kila karatasi. Sisi tulioandikwa majina matatu huku na mawili kule, na "Abdalla" kwa herufi tofauti kila ofisi, hili hutuchelewesha sana. Kama hayafanani, fanya kiapo mapema.

Fedha ndipo penye uzito. Tazama kwanza ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya masafa, unaotolewa na Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza. Watanzania wanastahiki kuomba. Unaomba sehemu mbili, chuoni na kwenye Tume, na kozi zinazofadhiliwa hutangazwa upya kila mwaka, basi isome orodha ya mwaka wako. Ukijilipia, uliza kama ada inalipwa kwa awamu na kama chuo kina punguzo kwa nchi zetu. Usione haya kuuliza.

Ukituma ada kwa benki, mwambie karani kwamba gharama zote za njiani utazilipa wewe mtumaji. Awamu yangu ya kwanza ilikatwa na benki za katikati, ikafika pungufu kwa pauni chache, na akaunti yangu ya masomo ikafungwa siku tisa katikati ya moduli kwa ajili ya kiasi ambacho kwetu ni nauli ya boti.

Umeme, intaneti na saa za Uingereza

Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja inaungwa kutoka upande wa Dar es Salaam. Hali ni bora kuliko ile ya zamani tuliyoijua, lakini kukatika kupo, hasa masika. Usiijenge shahada yako juu ya tundu la ukutani. Uwe na betri ndogo ya kuendeshea ruta, pawabenki kubwa, kompyuta ambayo betri yake bado nzima, na laini mbili za kampuni tofauti. Moduli ikifunguliwa, pakua kila kitu siku ya kwanza: mihadhara, makala, maelezo ya kazi. Video za operesheni pakua usiku wa manane kama bando lako ni la usiku.

Saa zinachanganya zaidi ya unavyodhani. Uingereza hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Darasa la saa kumi na mbili jioni ya kwao huwa saa tatu usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa mbili usiku wakati wa joto lao. Changanya hilo na saa zetu za Kiswahili, na simu iliyowekwa saa za kwao, na utakosa mtihani. Mimi huandika ukutani kwa saa ya Kiswahili tu, kwa mkono, na kazi zote nazituma siku moja kabla.

Saa utazitoa wapi

Shahada ya uzamili ya Uingereza ina krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kama saa 10 za kusoma. Jumla saa 1,800. Kwa miaka 3 ni saa 600 kwa mwaka. Ukitoa likizo na wiki utakazougua au kuuguza, zinabaki wiki kama 40, yaani saa 15 kila wiki. Usilipe mpaka umezitafuta saa hizo 15 kwenye wiki yako halisi, yenye zamu, watoto, mazishi na harusi.

Kwangu zilipatikana hivi: saa moja na nusu baada ya sala ya Alfajiri siku tano za wiki, saa nne Jumamosi, na zilizobaki kwenye zamu tulivu. Usiku wa manane sikuutegemea, kwa sababu aliyetoka thieta saa sita usiku anasoma bila kuelewa. Ramadhani ratiba hugeuka: nilisoma baada ya daku hadi kunapambazuka, na jioni niliiacha kwa futari na tarawehe. Moduli ngumu nilizipanga mbali na Ramadhani pale chuo kiliponipa kuchagua.

Nyumbani waambie mapema. Mama mkwe wangu alidhani nacheza na simu hadi siku niliyomwonyesha picha ya ngiri ya mtoto na kumweleza inavyofungwa. Baada ya hapo ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha watoto.

Namna ya kusoma: kila somo lishuke wodini

Masomo haya yameandikwa kwa hospitali zenye kila kitu. Utasoma "mpige CT mara moja" wakati mgonjwa wako yuko Micheweni, na mashine ya CT iko mbali. Usiipuuze sentensi hiyo, wala usiinakili tu. Kila wiki chora mistari mitatu kwenye daftari: kitabu kinasema nini, sisi tuna nini, basi nitafanya nini kesho. Mstari wa tatu ndio shahada yako.

Chukua mgonjwa aliyeanguka mkarafuu, tumbo linauma, presha inashuka. Kitabu kinataka picha. Wewe una mikono yako, ultrasaundi pengine, chupa ya maji ya mshipani, damu kama benki inayo, na uamuzi: kufungua tumbo hapa, au kumpeleka. Uamuzi huo una maswali yake. Boti ipo saa ngapi? Bahari ikoje? Kusi limechafuka? Mgonjwa atastahimili saa hizo bila kufunguliwa? Nani atasafiri naye, na akiharibikiwa katikati ya mkondo atafanya nini? Niliyaandika maswali haya kwenye mjadala wa darasa, na mwenzetu wa kisiwa kingine cha mbali akaongeza mawili ambayo sikuwa nayo. Mwalimu akageuza mjadala wa wiki nzima kuwa wa rufaa za baharini. Usiogope kuileta hospitali yako darasani. Inajua mambo ambayo wenzako wa London hawajawahi kuyakabili.

Makala za majarida usizinunue. Mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2002, unazipa taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida bila malipo. Muulize mkutubi wa hospitali yako au wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, jina la kuingilia.

Ukiwasilisha mgonjwa mtandaoni, ficha kila kinachomtambulisha: uso, jina, kijiji, tarehe. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukisema "binti wa miaka kumi na tisa, Kojani, aliyeungua siku ya harusi," umeshamtaja.

Mikono nayo ifanye mazoezi

Video nyingi za nje hufundisha kushona kwa mguu wa nguruwe. Huuhitaji. Mguu wa mbuzi una ngozi nzuri ya kushonea na mishipa ya kuitafuta. Utumbo wa mbuzi, mbichi, uliooshwa, ni mzuri sana kwa kuunga matumbo: unga, kisha jaza maji, uone panapovuja. Muuza nyama wa Darajani au sokoni Chake akishakuzoea atakuwekea. Tumia vyombo ambavyo havirudi jikoni, na nyuzi zilizopita muda ambazo stoo ingezitupa. Omba kwa maandishi upewe, usizichukue.

Mafundo yafunge popote: kwenye mguu wa meza, kwenye kitasa, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto, kisha umevaa glavu zilizolowa. Kwa upasuaji wa matundu (unaofanywa kwa kamera kupitia matundu madogo), toboa boksi gumu, weka simu juu yake iwe kamera, ingiza vyombo virefu na uhamishe mbegu za ubuyu kutoka kikombe hiki hadi kile ukiangalia kioo tu. Robo saa kwa siku. Baada ya miezi mitatu bingwa wako ataona tofauti kabla hujamwambia.

Tasnifu: chagua swali dogo la hospitali yako

Wengi hukwama mwaka wa tatu kwa kuchagua swali kubwa. Chagua dogo ambalo jibu lake litabadilisha kitu wodini. Kwa mfano: je, karatasi ya usalama wa upasuaji ya WHO ya mwaka 2008, yenye mambo 19 na vituo vitatu (kabla ya usingizi, kabla ya kukata, kabla ya kutoka thieta), inajazwa kweli au inatiwa alama baada ya mgonjwa kwenda wodini? Au: vidonda vya operesheni vinavyooza ni vingapi ukimfuatilia kila mgonjwa kwa siku 30? Siku 30 ni muhimu, kwa sababu wengi wetu humhesabu aliyeoza akiwa bado kitandani tu, na wengi huoza wakiwa nyumbani. Chukua namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani, maana simu hubadilishwa. Mgonjwa akikosekana kabisa, sheha wa shehia yake anaweza kukuelekeza nyumba, ila usimweleze ugonjwa.

Kibali cha maadili kiombe mapema, kwa Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI) na kwa chuo chako, kwa pamoja. Ukisubiri kimoja kwanza, miezi inakwisha. Na usikusanye hata faili moja kabla ya kibali.

Mtihani, na baada ya cheti

Ukifika mwaka wa pili wa MSc, fikiria sehemu A ya MRCS wakati sayansi za msingi bado ziko kichwani. Ni maswali 300 ya kuchagua jibu, kwa karatasi mbili. Sehemu B ni ya vitendo, ya kupita kituo hadi kituo mbele ya watahini, na hapo ndipo Jumanne zako thieta zitaonekana.

Cheti kikitoka, kipeleke Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kitambuliwe, kisha peleka nakala kwa mwajiri na kwa baraza la madaktari. Usijiite bingwa kwenye kibao wala kwenye karatasi ya dawa. Kisha kaa na bingwa wako, wekeni logibuku mezani, hesabuni kila operesheni na ngazi uliyofika, na pigeni mstari chini ya zile ambazo bado. Orodha hiyo, yenye saini yake, ndiyo uiambatanishe na fomu ya COSECSA au ya MMed.